Naomba ushauri: oda zipo, lakini wazo jipya haliji

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam, na kazi hii ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Karibu kila mteja siku hizi hunitumia kwa WhatsApp picha aliyoiona mtandaoni ili nimchoree kama hiyo, nami nimerudia twiga watatu chini ya mbuyu mara nyingi kiasi kwamba mkono huwamaliza kabla sijafikiri. Kwa miezi minne sasa, nikitaka kuchora la kwangu, napaka rangi ya nyuma, nasubiri ikauke, kisha nashika simu kutazama kazi za wenzangu, na siku inaishia hapo.

Nilizima simu kwa wiki moja, nikapoteza oda mbili. Nilikwenda pia soko la samaki la Feri na daftari na penseli, nikarudi na michoro ya wapara samaki ambayo, kusema kweli, naipenda, lakini sijathubutu kuitia rangi nikihofia haitanunuliwa.

Naomba kuuliza: mnaoishi kwa oda, mnatengaje muda wa kazi zenu bila kuwapoteza wateja? Na je, mtindo ulio bado mchanga niuonyeshe mtandaoni mapema, au nisubiri hadi zitimie picha kadhaa? Natanguliza shukrani.