Garaje wametoa springi za Hilux yangu, wakaacha ekseli inacheza. Nataka pesa yangu

Jambo yenu bandugu. Kama una pikapu na unafikiria kuifunga hewa, yaani mipira ya hewa badala ya springi, hapa Lubumbashi, soma uzi huu kabla hujamwachia mtu ufunguo. Jina la garaje sitaji kwa sasa, shauri limeshafika kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Kazi yenyewe nitaieleza yote.

Gari ni Hilux kabini mbili, usukani kulia, kama nyingi zinazotufikia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Nimeijenga kidogo kidogo: rangi, magurudumu mapana, kitanda cha nyuma kimechomewa upya. Wikendi inabeba spika na jenereta kwenye arusi. Nilitaka ilale chini ikiegeshwa mbele ya ukumbi, halafu inyanyuke ikifika kwenye mashimo ya Katuba. Hewa inaweza kazi hiyo vizuri kabisa, ikifungwa na anayejua. Vifaa nilinunua mwenyewe: mipira ya hewa, kompresa, tangi, vali, geji. Wao niliwalipa dola 600 za kazi, na walizitaka zote kabla ya kulegeza bolti hata moja.

Sasa sikilizeni. Springi za nyuma za Hilux, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, zina kazi mbili. Zinabeba uzito, na ndizo zinazoishika ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, isiende mbele wala nyuma wala pembeni. Mpira wa hewa unabeba uzito tu, haushiki kitu. Ukitoa springi, lazima uweke mikono ya chuma kutoka kwenye chasi hadi kwenye ekseli, kwa kawaida minne, na ikiwa yote imenyooka sambamba, unaongeza fimbo ya kukingama ili ekseli isihame upande. Hakuna njia ya mkato hapo. Hawa waliacha chuma kimoja chembamba kila upande, eti "kitashikilia, patron". Ukikanyaga mafuta, chuma kinajikunja, ekseli inazunguka kidogo, shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma inagonga chini ya sakafu. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, akaniuliza kama kuna mtu anapiga gari kwa nyundo.

Mabano ya mipira wameyachomea juu ya rangi. Hawakukwangua! Chuma hakikushikana na chuma, umelala uji mgumu juu ya rangi iliyoungua, na bano la kushoto lina ufa unaoweza kuingiza ukucha. Mpira uko karibu mno na bano hilo. Ukijaa hewa unatanuka, na kila ukitanuka unasugua kichwa cha bolti. Nimeuona kwa tochi: mstari mmoja mwembamba, unang'aa, raba imelika hadi nyuzi za ndani zinaonekana. Hapo ndipo ulipopasuka, njia ya Likasi, na jenereta iko nyuma.

Mipira yote miwili wameiunga kwenye paipu moja. Kwenye kona, upande unaobanwa unasukumia hewa yake upande wa pili, na gari linazidi kulala. Kila mpira unatakiwa paipu yake na vali yake. Hilo limechorwa kwenye karatasi iliyokuja na vifaa, ina picha, hata asiyejua kusoma anaelewa.

Kompresa wameipitisha moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi, bila rilei, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa. Kitu kinachoweza kula ampea 20 na zaidi! Waya umeyeyuka. Na tangi wamelifunga kichwa chini, kizibo cha kutolea maji kinatazama juu. Hewa ikibanwa inaacha maji ndani, na masika yakija hapa maji hayo yataingia kwenye vali zote.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Ambalo silisamehi ni breki. Hilux nyingi za springi zina vali ya breki inayopima mzigo. Fimbo yake inatoka kwenye ekseli: nyuma ikishuka kwa uzito, vali inapeleka presha zaidi kwenye breki za nyuma, na gari likiwa tupu inapunguza. Fimbo hiyo iliwasumbua wakati wa kufunga mipira, basi wakaikunja juu na kuifunga kwa waya kwenye chasi. Waya wa kufungia miti ya ua! Kwa vali, gari limejaa siku zote. Siku liko tupu na barabara imeloa, magurudumu ya nyuma yanakwama mapema na mkia unaondoka. Watoto wangu wanapanda gari hilo. Na hakuna aliyeniambia. Nimeona mwenyewe nilipolala chini yake.

Nilipowarudia, jibu lao: "Mipira yako ni ya Uchina." Mpira wa nchi yoyote ukisugua bolti utakatika. Na wale wanaosema huku kwetu kazi ndiyo hivyo, nakataa. Zipo trela za hewa zinazopita hapa na shaba kwenda Kasumbalesa. Nenda chini ya mojawapo uone mkono unaoshika ekseli ulivyo mnene. Mafundi wanaozitengeneza wako mji huu huu. Vijana waliofunga gari langu siwalaumu, waliachiwa kazi ambayo hakuna aliyewafundisha. Namlaumu mwenye garaje, aliyechukua dola zangu na hakuinama hata mara moja kuangalia.

Nimedai springi zangu za zamani nirudishe gari kama lilivyokuwa. Eti "zilienda na vyuma chakavu". Nani aliwapa ruhusa ya kuziuza?

Nahitaji mambo mawili. Mwenye springi kamili za Hilux, na bushi na boliti zake za kuzunguka ekseli, anipe bei. Na kama kuna anayemjua mchomeaji, hapa au Likasi, aliyekwisha kufunga mikono minne kwenye pikapu na gari lake linatembea mpaka leo, nielekezeni. Nitamlipa vizuri, lakini kwanza nitalala chini ya gari aliloshughulikia.

Na wewe mwenye garaje, najua unasoma hapa. Dola 600 na bei ya springi, mbele ya shefu, kabla mwezi haujaisha. Mwezi ukiisha, picha zote naziweka kwenye uzi huu pamoja na jina la garaje.