Mrejesho: jina letu la ukoo lisiloanza na O wala A

Wadau, niliuliza kwa nini jina letu, tofauti na majina ya majirani wengi Wajaluo hapa Kisumu, halianzi na O wala A, na kama kuna wengine wanaolitumia. Aliyeniambia niulize kisiwani Mfangano, asante sana. Nyanya mmoja wa huko alilitambua papo hapo: ni jina la Abasuba, yaani kabila la Wasuba.

Mababu zao walivuka Ziwa Victoria kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakakaa visiwa vya Rusinga na Mfangano na bara jirani. Wakaoana na Wajaluo hadi wengi wakaiacha lugha yao, Olusuba, wakashika Dholuo, lugha ya Wajaluo, na majina nayo yakafuata. Hata mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa Msuba, ingawa wengi humtaja kama Mjaluo tu. Mimi mwenyewe nimejaza "Mjaluo" kwenye fomu maisha yangu yote!

Kuhusu idadi, sensa ya 2019 iliwapata Wasuba zaidi ya 150,000, lakini matokeo yake hutolewa kwa kabila, si kwa jina la ukoo. Kwa hiyo sasa nafuata vitabu vya ubatizo vya kanisani. Mwenye jamaa Mbita, mji ulio karibu na Rusinga, anisaidie.