MREJESHO: Simu yangu iliyovimba betri
Habari za jioni ndugu zangu. Niliwauliza kuhusu simu yangu iliyovimba betri hadi mfuniko wa nyuma ukaanza kuachia, kampuni ikanijibu ninunue mpya. Wengi mlisema nimwone fundi.

Nimeenda kwa fundi pale Mwanga, hapa Kigoma. Aliupasha moto mgongo wa simu taratibu, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki pembeni, gundi ikawa inavutika nyuzinyuzi kama ulimbo. Dakika 40! Kubadilisha betri yenyewe, dakika 5 tu. Simu imepona, sasa inamaliza siku nzima nikiwa Kibirizi kwenye dagaa.

Lakini hasira yangu iko palepale. Simu za zamani tulizifungua kwa ukucha, unaweka betri nyingine, maisha yanaendelea. Nani aliwaomba watengenezaji wazigandishe za sasa kwa gundi? Umoja wa Ulaya umebidi utunge sheria mwaka 2023, kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Na sisi huku tunataka hivyohivyo. Nimewaandikia kampuni ya simu yangu mara ya tatu, jibu ni lilelile la mashine.

Asanteni sana, hasa aliyenionya nisiichaji ikiwa imevimba.