Dogo wa benchi ananiumiza kichwa: nimwanzishe, nimwongezee dakika au asubiri kwanza?

KochaWaJioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba wazoefu wa kikapu mnisaidie. Wenye utani nao karibuni, ila msiumalize uzi.

Nafundisha timu ya klabu, watu wazima, mechi za dakika 40. Nina gadi (mchezaji wa kuvusha mpira na kuanzisha shambulizi) wa miaka 19 ambaye msimu huu wote anatokea benchi. Dakika saba, nane, zikizidi sana kumi. Mbele yake yupo nahodha, miaka 33, mwenye akili ya mchezo kunizidi hata mimi, ila magoti yameanza kumdai. Robo ya kwanza utampenda. Ikifika robo ya nne anavusha mpira kwa kutembea, zile sekunde nane za kuvuka nusu anazitumia karibu zote, na tukija kuanza shambulizi wapinzani wameshajipanga na chai wamekunywa.

Dogo akiingia mwendo unabadilika. Akipokea mpira anaangalia mbele kwanza ndipo adunde, kitu ambacho sikumfundisha mimi. Anaingia mpaka chini ya kikapu bila woga. Shida ni kwamba anacheza kama mtu anayewahi basi. Kwenye ulinzi anavizia kila pasi. Akiikosa, mtu wake anabaki huru na wenzake wanne wanahangaika kuziba pengo. Juzi kapata faulo mbili ndani ya dakika tatu, na kwenye hizi mechi zetu ni tano tu unatoka.

Mashabiki wanaimba jina lake. Mechi sita za mwisho tumepoteza nne, zote tukiwa tunaongoza au tuko jirani mpaka robo ya tatu.

Je, dogo anastahili nafasi kubwa zaidi? Na kama ndiyo, kubwa kiasi gani? Nawasilisha.

ChengaMbili

Mwanzishe mkuu, unasubiri nini? Jeremy Lin alikaa benchi New York Knicks, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hakuna anayemjua. Tarehe 4 Februari 2012 akaingizwa dhidi ya Nets, akafunga 25. Siku chache baadaye akawafunga Lakers 38, Kobe Bryant akiwa uwanjani. Mechi saba mfululizo timu inashinda. Kipaji hakikai benchi.

MzeeWaRebaundi

ChengaMbili, hadithi umeikatia patamu. Malizia. Mwezi huohuo walikwenda Miami, Heat wakamkaba kuanzia anapopokea mpira. Mtupo 1 uliingia kati ya 11 na mpira akaupoteza mara nane. Simdharau, alikuwa mchezaji halali na kazi ya maana ameifanya. Nasema tu kwamba mchezaji mpya anakuwa mgeni kwa wapinzani kwa muda mfupi. Wakishamsoma ndipo mtihani wenyewe unapoanza.

Kocha, nikuulize. Hizo dakika nane za dogo ni zipi? Anaingia saa ngapi, na upande wa pili wanakuwa uwanjani kina nani?

SabuSugu

Mimi swali langu ni fupi. Huyo dogo ni mdogo wako au ni mtoto wa shangazi?

KochaWaJioni

SabuSugu, sina undugu naye, wala jirani yangu si yeye 😂

MzeeWaRebaundi, umenigusa pabaya. Nimerudi kwenye daftari langu sasa hivi. Mara nyingi namwingiza mwishoni mwa robo ya pili, kisha dakika za mwisho mechi ikishaamuliwa, tumeshinda au tumeshindwa. Mechi mbili alizofunga sana, wale wenzetu walishatoa wachezaji wao wanaoanza. Kusema kweli sijawahi kumwacha akabane na gadi wao namba moja kwa zaidi ya dakika mbili.

MzeeWaRebaundi

Basi jibu la "anastahili au hastahili" hata wewe huna, kwa sababu hujamuuliza swali. Umempima kwenye maji ya magotini, sasa unauliza kama anajua kuogelea.

PasiKwanza

Niongezee hapo. Usidanganyike na pointi alizofunga, na usidanganyike sana na ile hesabu ya timu ilipata ngapi na kufungwa ngapi yeye akiwa uwanjani. Kwa dakika nane kwa mechi hesabu hiyo ni ya bahati. Mwenzake akiweka mitupo miwili ya pointi tatu kutoka kona, dogo anaonekana mfalme na wala mpira hakuugusa.

Ningekuwa wewe ningetazama vitu vidogo. Wapinzani wakiweka presha ya uwanja mzima, mpira unavuka nusu ukiwa salama? Akiwekewa skrini (mpinzani anasimama kama ukuta njiani kwake) anapita juu, yaani mbele ya ukuta huo, au chini, yaani nyuma yake, na je, amechagua mwenyewe au amesukumwa na mwili wa mtu? Baada ya kosa lake, shambulizi linalofuata anafanya nini? Hicho cha mwisho ndicho mimi nakiangalia kuliko vyote. Wapo vijana wakipoteza mpira mara moja wanataka kuurudisha kwa faulo ya hasira, na wapo wanaokimbia nyuma kulinda kana kwamba hakuna kilichotokea.

DadaKikapu

Wakuu, mnamjadili dogo kama gari la mtumba. Ngoja niseme kitu kutoka upande wa benchi, nimekaa huko misimu miwili nzima kabla ya kuwa kocha wa wasichana.

Kocha wangu alikuwa ananiita zikiwa zimebaki dakika mbili, ananipiga bega, anasema "haya, onyesha." Onyesha nini? Nina dakika mbili, mwili umepoa, nimekaa saa nzima. Kichwani unajua ukipata mpira mara tatu umebahatika. Kwa hiyo wa kwanza unarusha. Wa pili unarusha. Kwenye ulinzi unavizia pasi, kwa sababu kupoka mpira kunaonekana, lakini kukaa mbele ya mtu wako sekunde 24 hakuna anayekupigia makofi. Halafu kocha anawaambia wenzake kwamba mimi nina papara! Papara hiyo nani kaipika?

Kaka, "basi la kuwahi" uliloliandika pale juu, wewe ndiye umelikatia tiketi.

Jaribu hivi kabla hujafikiria habari ya kumwanzisha. Mpe muda wake unaojulikana: dakika tatu za mwisho za robo ya kwanza na tatu za kwanza za robo ya pili, kila mechi, matokeo yawe yoyote. Mwambie siku moja kabla. Na mwambie wazi kwamba hatoki kwa kosa la kwanza wala la pili. Mchezaji anayechungulia benchi kila akikosea hawezi kusoma mchezo, shingo yake imegeukia kwako. Ukiona bado anavizia pasi baada ya wiki tatu za utaratibu huo, hapo sasa ni tabia yake, mfundishe au muweke.

KochaWaJioni

Dada, nimeisoma mara mbili. Hiyo ya tiketi imeniingia.

BenchiLaMwisho

Mimi naona mnazunguka. Kuanza mechi ni heshima tu, cha muhimu ni nani anamaliza. Manu Ginobili alikuwa na uwezo wa kuanza timu yoyote duniani, San Antonio Spurs wakawa wanamtumia kutokea benchi miaka na miaka, na 2008 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa akiba NBA. Dakika za mwisho za mechi ngumu ulikuwa unamkuta uwanjani. James Harden naye alichukua tuzo hiyohiyo 2012 akiwa Oklahoma City. Muache dogo atokee benchi, aingie nahodha akichoka, na amalize yeye.

ChengaMbili

Na huyo Harden wako walimuuza Houston Oktoba ileile ya 2012, akaenda kuanza, na 2018 akawa mchezaji bora wa ligi. Benchi halikumtosha, ndugu yangu 😀

BenchiLaMwisho

Ile ilikuwa habari ya mkataba, usichanganye mafaili.

PasiKwanza

Mfano unaofanana na wa kocha mimi naona ni Tyrese Maxey. Msimu wake wa kwanza Philadelphia alikuwa wa benchi. Januari 2021 timu ikabaki na wachezaji saba tu, akaanza dhidi ya Denver na kufunga 39. Walishindwa. Kilichofuata? Alirudi benchi. Hawakumkabidhi timu kwa usiku mmoja. Msimu uliofuata Ben Simmons hakucheza, nafasi ikawa wazi, akaanza, na 2024 akapewa tuzo ya aliyepiga hatua zaidi. Kurudi benchi hakukumuua. Naamini alijua kwa nini amerudi, na hilo ndilo dogo wenu anapaswa kuambiwa.

GotiLaKushoto

Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niandike maana uzi mzima hakuna aliyemuulizia nahodha.

Mimi nilikuwa nahodha wa namna hiyo. Miaka 34, goti la kushoto linavimba kila baada ya mechi, nalala na barafu. Nilijua. Msidhani mtu hajui mwili wake. Nilikuwa nawaona vijana mazoezini wananipita, nikawa natumia ujanja: nawahi eneo, namvuta mtu jezi kidogo mwamuzi asipoona, naongea sana ili nionekane bado nina kazi.

Siku waliyonitoa kwenye kikosi cha kuanza niliijulia ubaoni. Kocha aliandika namba tano, yangu haimo, akaendelea kuelezea ulinzi. Nilifunga viatu kwa muda mrefu sana siku ile. Kilichoniuma hakikuwa dogo kuanza, dogo alistahili. Kiliniuma kwamba watu wengine wote chumbani walionekana wameshajua.

Nikanuna misimu miwili. Yule dogo sikumfundisha kitu hata kimoja, na nilikuwa na vitu vya kumfundisha. Namna ya kupita skrini, lini usubiri faulo, mwamuzi yupi anapenda kuongeleshwa na yupi umuache. Nilikwenda navyo nyumbani.

Kwa hiyo kocha, kabla ya daftari na dakika tatutatu, kaa na nahodha wako. Wawili tu, na isiwe siku ya mechi.

SabuSugu

Mzee umetunyamazisha.

DadaKikapu

Shikamoo mzee wangu. Umeandika kitu nilichopaswa kuandika mimi.

KochaWaJioni

Nikiri jambo. Nahodha na mimi tulicheza pamoja miaka sita. Mimi nilikuwa napokea pasi zake. Nilipoandika swali hapa nililiandika kama swali la dogo, lakini nikijisoma upya naona nilikuwa natafuta watu wa kunisaidia kukwepa mazungumzo na rafiki yangu. Ama nyinyi mseme dogo bado, nipumue, ama mseme aanze, nipate wa kumlaumu.

MzeeWaRebaundi

Sasa tumefika. Ukienda kwake usimpelekee habari ya magoti, anayo. Mpelekee kazi. Mwambie unataka wacheze pamoja kwa dakika kadhaa: dogo avushe mpira, yeye asimame pembeni apokee akiwa hajachoka, apige au agawe. Huyo mtu bado anaona pasi kabla hazijatokea. Anachokosa ni pumzi ya kuufikisha mpira pale. Kwenye ulinzi mpe gadi wao dhaifu, dogo abebe yule mwenye mbio, faulo tano zake za nini kama si hizo?

BenchiLaMwisho

Hapo mmenishinda. Ila mkicheza na magadi wawili wafupi, rebaundi (mipira inayorudi mtupo ukikosa) mtazitafuta kwa tochi.

MzeeWaRebaundi

Kwa jina langu hili unaniambia habari za rebaundi? Dakika nne nne, si mechi nzima.

KochaWaJioni (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, wengi mmeniuliza.

Nilikaa na nahodha. Hakufurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimeshamwambia dogo, nikasema bado, akasema "sawa" na kuondoka. Wiki ile alichelewa mazoezini mara mbili, jambo ambalo hajawahi. Sikumsema.

Mechi ya kwanza ya utaratibu mpya, dogo kaingia dakika ya saba. Shambulizi la kwanza kapoteza mpira. La pili kapoteza tena, wakafunga kirahisi, na mimi nimeshasimama mkono uko njiani kumwita wa akiba. Nikakumbuka ya DadaKikapu, nikaketi. Dakika zilizobaki hakufanya lolote la kusifiwa, ila hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Tulipoteza.

Mechi ya pili wamecheza pamoja dakika nne za mwisho wa robo ya tatu na tano za robo ya nne. Gadi wao namba moja alimpita dogo mara tatu hivi, kwa hiyo hapo bado pana kazi. Lakini presha yao ya uwanja mzima haikutusumbua, na nahodha aliweka mitupo miwili ya kona akiwa amesimama tu anasubiri. Tukashinda kwa pointi nne. Rebaundi tulizitafuta kwa tochi kweli.

Bado anaanza nahodha. Dogo amefika dakika 16, na nadhani kwa sasa ndizo zake. Jana nimewakuta wawili hao baada ya mazoezi, nahodha amesimama kama skrini, dogo anapita juu, anarudi, anapita tena, anakemewa. Sikusogea.

Tatizo lililobaki ni kwamba senta wangu wa benchi naye kaniomba tuzungumze, "wawili tu, kocha, na isiwe siku ya mechi."