Mtoto anayekataa kila suruali: mtumba, dukani au kwa fundi?

Mama wa Chumbageni

Assalaam alaykum, ndugu wanajukwaa. Nina kijana wa miaka minne na nusu ambaye tangu Ramadhani iliyopita hakubali suruali yoyote ikae mwilini mwake kwa zaidi ya dakika tano. Nyumbani hushinda na bukta moja kuukuu iliyopauka, nami kwa joto hili la Tanga sioni ubaya wake. Taabu ni kwamba chekechea anakokwenda wanataka suruali ndefu, na kila asubuhi tunaianza kwa kilio. Hushika kiuno kwa nyuma, hupanua miguu na kutembea kama bata, kisha huketi chini na kuivua.

Nimekwisha kujaribu njia tatu, nami naziweka hapa ili mnisaidie kuzilinganisha. Ya kwanza ilikuwa suruali mpya ya jinzi kutoka dukani, yenye mpira kiunoni. Ilipendeza kwa macho, lakini ilikuwa ngumu kama turubai, na alipoivua niliona alama nyekundu imemzunguka kiuno kizima. Ya pili ni ya mtumba, ya kitambaa cha jezi, niliyoinunua soko la Mgandini kwa shilingi elfu tatu. Hiyo aliivaa siku mbili akiwa radhi kabisa, siku ya tatu akaikataa, na mpaka leo sijui kilichoharibika. Ya tatu nilimshonesha kwa fundi kwa kitambaa cha tetroni, nayo hakuifikisha hata magotini. Je, niendelee kuchambua mtumba, nirudi dukani, au nimrudie fundi kwa kitambaa kingine? Sina fedha ya kubahatisha mara ya nne.

Baba Mapacha, Makorora

Dada, mimi nauchagua mtumba, na sababu yangu si bei. Nguo ya mtumba imekwisha kufuliwa mara nyingi huko ilikotoka, kwa hiyo ugumu wa kiwandani umetoka, nyuzi zimelainika, na kama ilikuwa ya kunywea basi imekwisha kunywea. Ikimtosha leo, itamtosha na baada ya kufuliwa. Suruali mpya haikupi uhakika huo.

Mmoja wa mapacha wangu alikuwa kama kijana wako, na nilichojifunza kwake ni kutochagua kwa macho. Nafika mapema belo linapofunguliwa, natia mkono ndani ya suruali mpaka kwenye pindo la mguu, kisha naupitisha taratibu kwenye mishono kwa upande wa nyuma wa mkono, kwa kuwa kiganja changu kimekomaa kwa kazi na hakihisi kitu. Kinachonikwaruza mimi kitamkera yeye mara kumi. Lebo ikiwa bado ipo, natafuta inayoonyesha pamba asilimia 100, au pamba yenye spandeksi kidogo, yaani uzi unaovutika na kurudi, ambayo hailegei magotini.

Kasoro ya mtumba ni moja, nayo ni kubwa: ukiipata inayomfaa, huipati ya pili yake. Ya mwanangu ilipochanika goti, tulilia wote watatu.

Mwalimu wa Chekechea, Sahare

Kabla ya kulinganisha suruali, naomba ulinganishe malalamiko yake. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza kwamba mshono wa msambani unamsugua. Atasema inauma, au atasema haitaki tu, nasi tutadhani ni ukaidi. Siku isiyo ya shule, mvalishe ile ya mtumba ndani-nje. Akitulia, ujue kitambaa hakina kosa, bali ni mishono. Asipotulia, legeza mpira, umtazame tena. Akiendelea kulalamika, kinachomkera huenda ni kitambaa chenyewe, kwa joto lake au hata kwa mlio wake, kwani nimewahi kuwa na mtoto darasani aliyeichukia suruali ya michezo kwa sababu ilikuwa ikilia *shwa shwa* kila alipopiga hatua.

Na usione haya kuzungumza na mwalimu wake. Mzazi akieleza mapema, wengi wetu hukubali suruali laini ya rangi ile ile ya sare.

Nesi Mstaafu, Raskazone

Mwanangu, anza na ngozi, na uitazame mwangani. Katika miezi ya kaskazi watoto wengi hupata harara kiunoni na mapajani, na mwenye harara hatavumilia hata hariri. Ukiona miduara yenye kingo zilizoinuka, hiyo huenda ni choa, basi mpeleke zahanati. Suuza nguo zake mara mbili, sabuni isibaki.

Ngozi ikiwa safi, lakini ukaona anakerwa pia na kukatwa kucha, kunyolewa, kelele za watu au vyakula vya utelezi kama mlenda, mweleze daktari wa watoto yote hayo kwa pamoja. Wapo watoto ambao mguso mdogo kwao ni mkubwa, wala hilo si deko.

Fundi wa Ngamiani

Nimeshona miaka mingi, kanzu zaidi kuliko suruali, nami nasema bila kuwatetea wenzangu kwamba kosa la hiyo suruali ya tatu huenda ni letu sisi mafundi. Igeuze ndani-nje, uipeleke dirishani, uangalie msambani, pale mishono minne inapokutana. Anayepiga ovaloki kwa uzi wa poliesta huacha ncha, na wengi wetu, ili ncha hiyo isifumuke, huichoma kwa kiberiti. Uzi huo hauungui ukawa majivu kama wa pamba. Huyeyuka, kisha huganda ukawa kidonge kigumu mfano wa punje ya ulezi. Mnunuzi hakioni, na fundi amekwisha kukisahau, lakini mtoto anakikalia kutwa nzima.

Tetroni nayo ni kitambaa cha kupendeza machoni, kwa kuwa haikunjamani ovyo wala haipauki upesi, ndiyo maana watu huipenda kwa sare. Ila ina poliesta, ambayo haifyonzi jasho kama pamba, na katika mji huu jasho lisipofyonzwa halina pa kwenda.

Ningekuwa mimi, ningechukua pamba laini, au hata khanga ya pamba, ambayo kipande chake kimoja chenye urefu wa kama mita moja na nusu kinatosha suruali mbili za mtoto huyo. Kitambaa kipya kilowekwe majini usiku kucha kabla ya kukatwa, la sivyo kitanywea kikiwa kimekwisha kuwa suruali. Kila mguu ningeukata kwa kipande kimoja kilichokunjwa, ili mshono wa ubavuni usiwepo kabisa. Msambani ningetia kipande cha umbo la almasi, kama tunavyotia kikwapa katika kanzu, ili mishono isikutane mahali pamoja na mtoto apate nafasi ya kuchuchumaa. Kingo zote zikunjwe na kufungiwa ndani ya mshono wenyewe, au zigeuzwe upande wa nje, jambo ambalo fundi atalikataa kwa kuogopa kuonekana hajui kazi; mwambie ni agizo lako. Kiunoni utiwe mpira mpana wa sentimita tatu, si ule wa sentimita moja unaojikunja ukawa kamba. Na kipimo cha kiuno kichukuliwe mtoto akiwa ameketi na ameshiba, kwani tumbo la mtoto la saa saba mchana si lile la saa moja asubuhi.

Bibi wa Mwambani

Wajukuu zangu, mimi nimewashonea watoto wanne suruali za khanga, na zinafaa, ila msimamie fundi anapokata. Wangu alikata bila kusoma, mtoto akaenda chuoni jina la khanga limemkaa sawasawa makalioni, na maneno yenyewe yalikuwa ya kumsuta jirani. Maalimu alicheka mpaka akapoteza aya aliyokuwa akifundisha. Kateni katika mji, ile sehemu ya katikati ya khanga. Pindo na jina shonesheni foronya.

Khanga ni nyepesi na huangaza, kwa hiyo kwa shule naona kikoi kuukuu ni bora. Kina uzito wa kutosha, na kikivaliwa miaka kumi na babu mtu huwa laini kuliko chochote kilichoko dukani.

Baba Mapacha, Makorora

Nimemsoma fundi, na la punje ya ulezi limeniingia. Hata hivyo, pamba ya kusukwa hainyumbuki kama jezi, na mtoto wa miaka minne hupanda miembe. Tena ukijumlisha kitambaa, mpira na ujira, suruali moja ya fundi inalingana na tatu au nne za mtumba.

Fundi wa Ngamiani

Ni kweli, kaka. Basi tuchanganye. Anunue mtumbani fulana kubwa za watu wazima, za jezi ya pamba, ambazo saizi kubwa mno huwa bei rahisi kwa kukosa wenyewe. Fulana moja inatoa suruali ya mtoto, na pindo la chini la fulana likawa ndilo pindo la miguu, bila mshono mpya. Kitambaa kimekwisha kulainika kama unavyotaka wewe, na mchoro wa kukatia ukikaa kwangu, nitaitoa ya pili na ya tatu zikiwa sawa na ya kwanza. Lakini ahakikishe fundi ana sindano ya jezi, yenye ncha butu kidogo. Sindano ya kawaida huruka mishono na kutoboa nyuzi.

Mama wa Chumbageni

Ahsanteni nyote, na bibi, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Ngozi yake ni safi. Suruali ya mtumba nilimvalisha ndani-nje siku ya Jumamosi, akacheza nayo mpaka adhuhuri bila kuigusa. Nilipoikagua ndipo nilipokumbuka kwamba usiku wa siku ya pili niliikata lebo kwa mkasi, nikidhani ninamtendea wema. Nikaacha kisiki cha lebo chenye ukingo mkali kuliko lebo yenyewe, pale pale kwa nyuma alipokuwa akipashika. Nimekifumua uzi kwa uzi kwa wembe, na sasa anaivaa. Katika ile ya tetroni nilizikuta punje mbili, si moja. Ya jinzi nimempa mtoto wa wifi yangu, ambaye haoni tofauti yoyote.

Kisha nilinunua fulana mbili kubwa na kumpelekea fundi mwenye sindano aliyoitaja ndugu yetu hapa. Alipinga kidogo kuhusu mishono ya nje, akashona. Ile ya kijivu mwanangu ameivaa siku nne mfululizo, nami hulazimika kuifua usiku na kuianika mbele ya feni ili asubuhi iwe kavu. Ya pili, ambayo imetoka kwenye mchoro ule ule na mkono ule ule, ameikataa kwa sababu ni ya kijani. Mwalimu wake ameikubali kijivu, kwa hiyo mwenye kujua ni meza ipi pale Mgandini ina fulana kubwa za rangi hiyo, tafadhali anielekeze kabla ya Jumatatu.