AP tano na vyuo 14: muhula wa kwanza wa darasa la 12 niupange vipi?

Darasa12_Ohio:
Shikamoo wakubwa. Agosti naingia darasa la 12. Nimejiandikisha AP tano (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari): Kalkulasi BC, Kemia, Fizikia C, Fasihi ya Kiingereza na Serikali ya Marekani. Orodha yangu ina vyuo 14: kimoja cha ED (Early Decision, maombi ya mapema), mwisho Novemba 1, UCLA, na vilivyobaki mwanzoni mwa Januari. Wazazi wanasema ratiba isiguswe. Nipunguze AP au vyuo?

KalamuNyekundu:
Marahaba. Anza na vyuo, vinane vinatosha. Fomu ya Common App yenyewe, ile ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja, utaijaza kwa jioni mbili. Kinachomaliza muda ni insha za nyongeza, maana vyuo vigumu kuingia huomba mbili, tatu, hata zaidi. Vyuo 14 kwa insha tatu ni insha 42, na kila moja inataka rasimu mbili au tatu. Hiyo haibebeki ukiwa na maabara ya Kemia kila wiki.

Fomu hufunguka Agosti 1, lakini maswali ya insha kuu (mwisho maneno 650) hutangazwa mapema. Imalize kabla shule haijafunguliwa. Shughuli zako za nje ya masomo zina nafasi 10, maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150 ukihesabu na nafasi tupu, na hapo ndipo wengi hukwama usiku wa mwisho.

UCLA haimo Common App. UC, mfumo wa vyuo vikuu vya California ambao UCLA imo, ina fomu yake: unajibu maswali manne kati ya manane, maneno 350 kila jibu. Kutuma huanza Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba. Alama za SAT (mtihani wa kujiunga na vyuo) hawaziangalii katika kuchagua wanafunzi.

Mwl_Hesabu:
Kwenye AP, tatizo ninaloliona ni Fizikia C. Hutumia kalkulasi tangu mwanzo, kwa hiyo ukizisoma pamoja, mwalimu wa fizikia atafika kwenye intigrali wiki kadhaa kabla ya mwalimu wa BC. Kama hukusoma kalkulasi darasa la 11, hiyo ndiyo ya kuacha, na uiache wiki za kwanza. Ukichelewa, shule nyingi huandika W (yaani umejiondoa) kwenye rekodi yako. Ukiiacha baada ya kutuma maombi, lazima uvijulishe vyuo. Wasiposikia kwako watakuja kuliona kwenye ripoti ya katikati ya mwaka, na hapo maelezo yoyote yatasikika kama visingizio.

Halafu, mitihani ya AP ni Mei na matokeo hutoka Julai, chuo kimeshakuchagua zamani. Oktoba linda alama za darasani. Marudio ya mtihani yasubiri.

MamaWawili_TX:
Mwanangu, kabla ya ED kaa na wazazi mwongee fedha. ED inafunga: ukikubaliwa unakwenda, na hutapata nafasi ya kulinganisha misaada ya vyuo vingine. Tumieni kikokotoo cha gharama kilicho kwenye tovuti ya chuo hicho, sasa hivi, si Oktoba.

FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo, kwa kawaida hufunguka Oktoba 1. Wewe na mzazi anayehusika kila mmoja anahitaji akaunti yake ya StudentAid.gov. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kuifungua, ila kuthibitishwa kwaweza kuchukua muda, basi aanze Agosti. Hiyo kazi wape wao, wewe andika insha.

Darasa12_Ohio:
Asanteni sana. Barua za mapendekezo za walimu niombe lini?

KalamuNyekundu:
Kwa ED ya Novemba 1, wiki ya kwanza ya shule. Chagua walimu wa darasa la 11, hao wa sasa bado hawakujui. Na kabla mfumo wa Common App haujakuruhusu kuwaalika, ongeza angalau chuo kimoja kisha ujaze fomu ya FERPA (inayohusu haki yako ya kuona barua hizo). Wengi huiruka, wakadhani mwalimu amesahau kumbe hakupata hata barua pepe.