Kuhamisha maktaba ya iTunes yenye kaseti za zamani: je, majina, nyota na orodha za nyimbo zitabaki?

Santuri_Unguja aliuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu chochote. Nina kompyuta ya mkononi ya zamani inayotumia Windows 7, ambamo kwa miaka mingi nimeweka muziki wote wa nyumbani kwetu, na sasa nimepata nyingine yenye Windows 11. Maktaba nzima inafika kiasi cha gigabaiti 160. Sehemu yake kubwa ni nyimbo za kawaida za MP3, lakini sehemu inayonikosesha usingizi ni kaseti za marehemu baba yangu, ambazo nilizirekodi mwenyewe katika faili za WAV: taarabu ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, dansi la Mbaraka Mwinshehe na Mlimani Park, na rekodi kadhaa za harusini ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani na hazipatikani popote pengine.

Katika iTunes, programu ya Apple ninayopangia na kusikilizia muziki, kila kitu kinaonekana mahali pamoja, ila nikifungua folda zenyewe nakuta nyimbo nyingine ziko diski C, nyingine diski D, na nyingine ziko katika diski ya nje ambayo huichomeka mara chache. Nimeandika jina la mwimbaji, kikundi na mwaka kwa kila wimbo niliouweza, nimezipa nyota, na nimepanga orodha za nyimbo kwa ajili ya shughuli mbalimbali. Je, nikinakili folda ya muziki peke yake na kuibandika katika kompyuta mpya, kazi hiyo yote itakuja nayo? Na simu yangu ya iPhone, ambayo inapokea nyimbo kutoka kompyuta ya zamani, nitaiunganisha lini na hii mpya?

Fundi_Tanga alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuanza, kwa sababu kunakili folda ya muziki peke yake hakutoshi. iTunes huweka vitu viwili tofauti. Kuna faili za sauti zenyewe, na kuna daftari lake, yaani faili inayoitwa «iTunes Library.itl», ambamo imeandikwa kila wimbo uko wapi, umepewa nyota ngapi, umesikilizwa mara ngapi, na umo katika orodha ipi. Nyota na orodha zako zinaishi ndani ya daftari hilo, wala hazimo ndani ya faili za sauti. Ukihamisha sauti ukaliacha daftari, nyimbo utazipata, lakini mpangilio wako wote utakuwa umebaki katika kompyuta ya zamani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukusanya kila kitu chini ya folda moja, tena uifanye kazi hiyo ukiwa ndani ya iTunes yenyewe. Usizihamishe faili kwa mkono kutoka D kwenda C, kwa kuwa daftari litaendelea kuzitafuta mahali pa zamani na kila wimbo utawekewa alama ya mshangao. Chomeka ile diski ya nje yenye nyimbo ili iTunes izione zote, kisha fungua menyu ya File, sehemu ya Library, halafu Organize Library, na uchague «Consolidate files». Amri hiyo hunakili nyimbo zilizotawanyika na kuzileta katika folda ya iTunes Media, na haifuti zile za asili, hivyo hakikisha diski ina nafasi ya kutosha kabla ya kuibonyeza. Kama C imejaa, nunua diski nyingine ya nje yenye nafasi kubwa, tengeneza ndani yake folda ya «iTunes» na ndani ya hiyo nyingine ya «iTunes Media», uielekeze iTunes huko kupitia Preferences, sehemu ya Advanced, ndipo utoe amri ya kukusanya. Ikimaliza, funga programu na unakili faili ya .itl pamoja na vilivyo kando yake, uviweke ndani ya ile folda ya «iTunes». Diski hiyo sasa itakuwa imebeba maktaba kamili.

Katika kompyuta mpya, sakinisha iTunes kwanza na uache programu mpya ya Apple Music isubiri, kwa sababu ukishaiweka katika Windows ndiyo inayochukua kazi ya muziki, nayo iTunes hubakiwa na podikasti na vitabu vya sauti tu. Nakili folda nzima ya «iTunes» uiweke ndani ya folda ya Music, kisha fungua iTunes huku umeshikilia kitufe cha Shift. Itakuuliza uchague maktaba, nawe utaionyesha ile faili ya .itl uliyoileta. Jambo la kukumbuka ni kwamba daftari likishafunguliwa na toleo jipya la iTunes, toleo la zamani haliwezi tena kulisoma. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya kazi juu ya nakala na kuliacha la asili bila kuguswa.

Kuhusu iPhone, nakusihi uiache hadi mwisho kabisa. Simu hupokea nyimbo kutoka maktaba moja tu kwa wakati mmoja, na ukiiunganisha na kompyuta ambayo maktaba yake bado ni tupu, itakuuliza kama ifute nyimbo zilizomo na kuweka za maktaba mpya. Mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Ikiwa pia una nyimbo ulizonunua katika duka la Apple kabla ya mwaka 2009, zile zenye kiambishi cha .m4p ambazo huchezwa tu katika kompyuta iliyopewa idhini, ondoa idhini ya akaunti yako katika kompyuta ya zamani kabla hujaiacha, kwa kuwa akaunti moja inaruhusiwa kompyuta 5 tu.

Kaseti_Mombasa alijibu:

Ndugu yangu wa Unguja, maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini kuna jambo moja katika swali lako ambalo mimi ningelishughulikia kabla ya yote, nalo ni hizo WAV za marehemu mzee. MP3 hubeba taarifa zake ndani yake: ukiandika jina la mwimbaji katika iTunes, linaandikwa ndani ya faili na litasomeka katika programu yoyote. Kwa WAV iTunes haifanyi hivyo. Jina la kikundi, mwaka na mwimbaji ulivyoviandika vimo katika daftari la .itl tu. Maana yake ni kwamba rekodi zako zenye thamani kuliko zote ndizo zilizo hatarini kuliko zote. Daftari likiharibika, utabaki na mamia ya faili zenye majina yasiyokuambia nani anaimba, na wazee wa kukutambulia sauti hizo wanapungua.

Ushauri wangu ni kuzigeuza kuwa Apple Lossless ukiwa bado katika kompyuta ya zamani. Mfumo huu hubana faili bila kupoteza chembe ya sauti, Apple iliufanya kuwa huria mwaka 2011, na taarifa za wimbo zinaandikwa ndani ya faili yenyewe. Katika Preferences, penye Import Settings, chagua Apple Lossless Encoder. Kisha chagua nyimbo za WAV, nenda File, halafu Convert, na iTunes itatengeneza nakala mpya yenye majina uliyoyaandika. Angalia tu kwamba nakala hiyo inahesabiwa kuwa wimbo mpya, kwa hiyo itakubidi uiingize tena katika orodha zako. Ni kazi ya kuchosha, na inastahili kufanywa. WAV za asili usizifute. Ziweke katika folda yake ya kumbukumbu. Wengine watakushauri FLAC, ambao nao ni mfumo mzuri sana, lakini iTunes haiuchezi.

Ukiwa unashughulikia majina, tumia nafasi hiyo kuyasawazisha. Katika mikusanyiko ya watu nimekuta Ikhwani Safaa imeandikwa pia Akhwan Safaa na Ikhwan Safaa, na Mbaraka Mwinshehe akiwa ametenganishwa na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na kompyuta inawaona kama wasanii tofauti kabisa. Chagua tahajia moja kwa kila kikundi uishike hadi mwisho. Aidha, andika katika sehemu ya maelezo kaseti ilitoka wapi na ilirekodiwa kwenye hafla gani, kama unafahamu. Kwa rekodi za harusini taarifa hiyo haimo katika kitabu chochote, na ndiyo itakayomsaidia mwanao au mtafiti wa baadaye kujua anachokisikiliza.

Mhifadhi_Arusha alijibu:

Ningependa kuongeza kuhusu unakili wenyewe na nakala za akiba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huridhika mapema.

Tumia nakili na bandika, kamwe usitumie kata na bandika, kwani umeme ukikatika au waya ukilegea katikati ya kazi, hutajua kipi kimefika na kipi hakijafika. Kwa gigabaiti 160 ningetumia amri ya robocopy iliyomo ndani ya Windows, ambayo inaweza kuendelea ilipoishia. Ifungue katika dirisha la amri na uandike: robocopy "E:\iTunes" "D:\Akiba\iTunes" /E /R:1 /W:1 /LOG:D:\ripoti.txt, ukibadilisha herufi za diski kulingana na zako. Hizo R na W ni muhimu, kwa maana usipoziweka, amri hiyo ikikutana na faili isiyosomeka itarudia kujaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Usiongeze /MIR bila kuielewa vizuri, kwa sababu hufuta upande unaopokea chochote kisichokuwapo upande unaotoa. Kupitia tundu la USB 2.0 la kompyuta ya zamani utapata pengine megabaiti 30 kwa sekunde, hivyo tenga saa mbili au zaidi na uache kompyuta imechomekwa kwenye chaja.

Ukimaliza, soma ripoti, kisha linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda kwa baiti pande zote mbili. Kwa zile rekodi za kaseti ningekwenda mbali zaidi: amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 inakupa mfuatano wa herufi na tarakimu ambao lazima ulingane kabisa kwa nakala mbili zilizo sawa.

Kisha usiishie na nakala moja. Kuhamisha muziki kutoka kompyuta moja kwenda nyingine si kuweka akiba, ni kubadilisha mahali pa hatari. Weka nakala tatu: moja katika kompyuta unayotumia, moja katika diski ya nje ya nyumbani, na ya tatu katika diski nyingine iliyo nyumba tofauti, kwa ndugu au rafiki unayemwamini. Flashi si mahali pa kuhifadhi kwa muda mrefu, maana ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa chaji yake hupungua na data huweza kupotea, tena flashi zinazozunguka mikononi mwa watu ndizo zinazosambaza virusi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato badala yake. Unguja kuna unyevu na hewa ya chumvi, hivyo hifadhi diski katika kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu, na uichomeke mara moja moja kuhakikisha bado inasomeka. Hifadhi ya mtandaoni inafaa kwa sehemu ndogo iliyo adimu. Akaunti ya bure ya Google inatoa gigabaiti 15 tu, na kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 160 zingechukua takriban siku tatu mfululizo, mbali na gharama ya kifurushi.

Santuri_Unguja aliandika tena:

Nawashukuru sana, ndugu zangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Sikujua kabisa kwamba WAV hazikubeba majina niliyoyaandika. Nimeanza kuzigeuza, na nakala mpya zinaonyesha majina hata nikizifungua kwa programu nyingine. Limebaki swali moja. Nimeshatoa amri ya kukusanya, lakini nyimbo kadhaa bado zina alama ya mshangao. Je, zimepotea?

Fundi_Tanga alijibu:

Si lazima ziwe zimepotea, ndugu. Alama hiyo inasema tu kwamba faili haipo pale daftari linapoitafuta, na amri ya kukusanya haiwezi kunakili kisichoonekana. Mara nyingi sababu ni diski ya nje kupewa herufi tofauti na ile ya awali: ilikuwa E wakati unaziingiza nyimbo, leo imekuwa F. Bonyeza mojawapo ya nyimbo hizo mara mbili, ukubali kuitafuta, na uionyeshe iTunes ilipo. Mara nyingi itajitolea kutafuta na nyingine kwa kutumia mahali hapo. Kama ni nyingi mno, fungua Disk Management ya Windows uirudishie diski herufi yake ya zamani, kisha urudie amri ya kukusanya. Zitakazobaki na alama baada ya hapo, andika majina yake katika karatasi uzitafute katika diski zote kwa jina la faili, na usiziondoe katika maktaba hadi umalize, kwa kuwa nyota zake na nafasi zake katika orodha bado zimo katika daftari zikisubiri faili irudi.

Na kabla hujakabidhi kompyuta ya zamani kwa mtu yeyote, itumie mpya kwa wiki kadhaa, ukisikiliza hasa zile za kaseti kuanzia mwanzo hadi mwisho wake.